IST inawaka sekunde moja na kuzima baada ya kufungwa kontroli boksi la mtumba

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 2NZ, gia otomatiki. Betri iliisha, jirani akaja kunibustia akageuza nyaya, chanya akaiweka kwenye hasi. Ilitoka cheche kubwa na tangu hapo gari halikuwaka. Fundi wa hapa Morogoro alibadilisha fyuzi zilizokatika, gari likakataa, akasema kontroli boksi limeungua. Nimenunua la mtumba Gerezani, Dar, limefungwa. Sasa ukipiga starta gari linawaka kama sekunde moja kisha linazima, na kila ukirudia ni hivyo hivyo. Muuzaji anasema vifaa vya umeme vikishauzwa havirudi. Fundi anasema boksi la mtumba ni bahati nasibu, ninunue jipya. Kuna mtu mwingine ana boksi ambalo namba yake inafanana na ya langu isipokuwa tarakimu mbili za mwisho. Nichukue hilo, au nijipange kwa jipya?"

Marahaba mwanangu. Kwanza funga pochi. Usinunue hilo la pili wala jipya mpaka umalize kusoma, kwa sababu kwa maelezo uliyonipa, boksi ulilolifunga, yaani hiyo kompyuta inayoendesha injini, inaelekea ni zima.

Angalia gari linafanya nini. Ili injini iwake hata kwa sekunde moja, boksi lazima lipate umeme, lisome sensa ya krenki, liziambie koili zitoe moto kwa wakati wake na lifungue nozeli zimwage petroli. Boksi lililoungua haliwezi kufanya yote hayo halafu likakata tamaa. Injini inayowaka vizuri na kuzimwa baada ya sekunde moja au mbili, tena kwa kipimo kilekile kila mara, imezimwa kwa makusudi. Kinachoizima, karibu kila mara, ni imobilaiza, yaani ulinzi wa wizi uliomo ndani ya kumbukumbu ya boksi.

Kwenye Toyota zenye ulinzi huo, kichwa cha ufunguo kina chipu ndogo isiyo na betri. Ukiingiza ufunguo, pete yenye koili iliyozunguka swichi ya funguo huipa chipu hiyo nguvu, nayo hujibu kwa namba yake. Namba ikiwa ndiyo iliyosajiliwa, injini inaachwa iendelee. Ikiwa siyo, au kama hakuna jibu kabisa, boksi hukata. Ulilolinunua limetoka kwenye gari jingine na kumbukumbu yake imekuja nalo. Ni kama mlinzi aliyehamishiwa geti lako huku bado ameshika daftari la wageni wa nyumba ya zamani: kazi anaijua, lakini wewe hakufahamu.

Sasa kuna jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka, na kwa IST ndilo la kuanzia. Magari mengi ya Toyota yaliyouzwa ndani ya Japani miaka ile, hasa haya madogo ya kina Vitz, Platz na IST, yalitoka kiwandani bila imobilaiza kabisa. Mengine ya muundo huohuo yalikuwa nayo. Kwa nje yanafanana, injini ni ileile, soketi za boksi zinaingia bila shida. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba gari lako halina ulinzi huo, ila boksi ulilouziwa limetoka kwenye lenye ulinzi. Hapo boksi linasubiri ufunguo ambao hauwezi kuongea nalo milele, kwa sababu gari halina hata pete ya kuusoma. Utapiga starta mpaka betri ife.

Kujua uko upande gani ni kazi ndogo. Fungua kava la plastiki lililozunguka nguzo ya usukani, utazame pale ufunguo unapoingia. Ukiona pete ya plastiki imevishwa mdomoni mwa swichi, na pete hiyo ina soketi na nyaya zake, gari lina imobilaiza. Ukiona chuma kitupu cha swichi bila pete, au pete ya taa tu, halina. Dashibodi nayo inasaidia: gari lenye ulinzi huwa na kitaa chekundu kinachometameta ukishachomoa ufunguo. Ila usikiamini kitaa peke yake, maana magari mengi yamefungwa alamu za nje na vitaa vyake. Iamini pete.

Kama gari lako halina pete, njia ni rahisi na haina uganga: unahitaji boksi lenye namba ya lile la zamani, lililotoka kwenye gari lisilo na imobilaiza. Mrudie muuzaji wa Gerezani umweleze hivyo. Usimwambie "boksi lako bovu," kwa sababu si bovu na yeye anajua lilikotoka lilikuwa linafanya kazi. Mwambie namba haikulingana, unataka kubadilisha. Wauzaji wengi wanaokataa kurudisha pesa hukubali kubadilishana kifaa, hasa ukilirudisha bila alama ya bisibisi na bila kufunguliwa. Na kusema kweli, sheria yao ya kutorudisha siilaumu. Mtu akichukua boksi zima akalifunga kwenye gari lenye nyaya zilizogusana, analiunguza kwa dakika moja na kumrudishia mwenzake maiti.

Kama pete ipo, zifuate nyaya zake uone zinaelekea wapi. Kwenye baadhi ya Toyota ulinzi umo ndani ya boksi la injini lenyewe, na nyaya zinafika huko moja kwa moja au kupitia kipaza mawimbi kidogo kilichoshikamana na pete. Kwenye nyingine kuna kiboksi cha pekee cha imobilaiza nyuma ya dashibodi, nacho ndicho kinachozijua funguo. Boksi la injini huambiwa tu "huyu ni wetu," kwa namba ya siri ambayo wawili hao wamekubaliana.

Ukiwa na kiboksi cha pekee, una bahati, kwa sababu Toyota yenyewe iliweka njia ya kuyapatanisha mawili hayo bila mashine. Kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, ile yenye matundu 16, unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, unawasha swichi hadi ON bila kupiga starta, unaacha hivyo kwa dakika 30. Kisha unazima, unatoa waya, unajaribu kuwasha. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kugusa, maana la 16 lina umeme wa betri muda wote, na ukilichanganya na la 4, ambalo ni ethi (upande wa hasi unaoungana na bodi ya gari), utaunguza fyuzi ukiwa na bahati, na waya ukikosa bahati. Betri iwe imejaa, au iwekwe chaja, kwa sababu nusu saa ya swichi ON kwa betri iliyochoka inatosha kuiangusha katikati ya kazi.

Ulinzi ukiwa ndani ya boksi la injini, njia hiyo haifanyi kitu. Hapo zimebaki mbili za maana. Ya kwanza ni kununua boksi pamoja na ufunguo wake wa asili. Huna haja ya kubadilisha vitasa: unatoa chipu kwenye kichwa cha ufunguo ule na kuiweka kwenye kichwa cha ufunguo wako. Ya pili ni kuhamisha kumbukumbu. Ndani ya boksi kuna chipu ndogo yenye miguu 8, mara nyingi imeandikwa 93C56 au 93C66, ambayo ndiyo daftari la funguo. Fundi wa elektroniki mwenye vifaa vyake huisoma kutoka boksi lako lililoungua na kuiandika kwenye la mtumba, au huing'oa na kuihamisha yenyewe. Boksi linaloungua kwa umeme kugeuzwa, mara nyingi limeungua upande wa kuingizia umeme au upande wa transista zinazoendesha vifaa, na chipu ya kumbukumbu imebaki salama.

Kwa sababu hiyo nakuomba, tena nakuomba sana: boksi lako la zamani liko wapi? Kama liko kwa fundi, kalichukue leo. Watu wanaliacha gereji kama chuma chakavu, kumbe ndani yake ndimo ulimo ufunguo wa gari. Na kuna sababu nyingine ya kulitaka, nayo ni kwamba bado sijaridhika kuwa limekufa.

Fundi wako alibadilisha fyuzi, gari likakataa, akahukumu boksi. Pengine yuko sahihi, kwa sababu kugeuza nyaya za kubustia kunaua maboksi kweli. Lakini hukumu ile ilihitaji vipimo vichache ambavyo hukuvitaja.

Cha kwanza ni taa ya cheki injini. Swichi ikiwa ON kabla ya kupiga starta, taa ile lazima iwake. Isipowaka kwenye Toyota, watu wanakimbilia kusema boksi limekufa. Hata hivyo boksi zima nalo huwa kimya namna hiyohiyo kwa sababu tatu: halipati umeme, halina ethi, au laini yake ya volti 5 imegusana na ethi mahali fulani. Boksi hutengeneza volti 5 kwa ajili ya sensa kadhaa, hasa ile ya throto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Sensa moja ikigusanisha ndani, au waya wake ukichubuka, laini nzima inaanguka, ubongo wa boksi unalala, taa haiwaki na mashine ya kupimia haisomi. Kipimo chake ni kuchomoa sensa moja moja huku mtu anatazama dashibodi. Taa ikirudi ghafla ulipochomoa sensa fulani, umepata mchawi, na boksi lilikuwa linasingiziwa. Kwa mita, laini hiyo iwe kati ya volti 4.5 na 5.5.

Cha pili ni umeme wenyewe. Betri ikigeuzwa, fyuzi ndogo si ndizo pekee zinazokatika. Kuna ile kubwa iliyofungwa kwa skrubu kwenye boksi la fyuzi karibu na betri, ambayo inaweza kuonekana nzima kwa juu na ndani imekatika. Kuna rilei ya EFI, ile swichi inayopeleka umeme kwenye boksi na mfumo wa kumwaga petroli. Na kuna nyaya za ethi zinazofungwa kwenye injini. Usizipime kwa mita peke yake, kwa sababu waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 safi mpaka pale utakapoupa mzigo. Chukua balbu ya breki, ile ya wati 21, uifunge kati ya waya wa umeme wa boksi na waya wake wa ethi, boksi likiwa limechomolewa. Balbu ikiwaka kwa nguvu kama ilivyo betrini, njia ni nzima. Ikiwaka kwa uchovu, una waya mbovu na boksi jipya halitakusaidia.

Cha tatu ndicho ninachokipenda kwa kesi kama yako. Maboksi mengi yana dayodi ya ulinzi (kijifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) penye lango la umeme, iliyowekwa makusudi ijitoe mhanga umeme ukigeuzwa. Inagusanisha, fyuzi inakatika, na vilivyo nyuma yake vinapona. Dalili yake ni kwamba fyuzi ya EFI inakatika mara tu boksi linapounganishwa, na boksi likichomolewa fyuzi inakaa. Ukikuta hivyo, fundi wa elektroniki anabadilisha kijidayodi hicho na boksi lako la asili linarudi kazini, na funguo zako, na kila kitu chake. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya boksi la asili lililotengenezwa vizuri na la mtumba, nachukua la asili bila kusita.

Jambo jingine kuhusu mashine. Kama fundi alitumia kile kidude kidogo cha bei nafuu kinachounganishwa na simu, na kikasema hakioni gari, huo si ushahidi. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kupimia magari, OBD2, kuanzia magari ya 1996, lakini IST ilijengwa kwa soko la ndani la Japani, na Toyota nyingi za soko hilo za miaka hiyo zina soketi ya matundu 16 huku zikiongea lugha ambayo vidude hivyo havielewi. Tafuta mashine yenye menyu ya Toyota ya Japani.

Sasa tuseme vipimo vimefanyika na boksi la zamani limethibitika limekufa. Bado lipo swali ambalo lazima lijibiwe kabla boksi lingine halijapewa umeme wa kutosha: kuna nini ndani ya gari kinachoweza kuliua na hilo? Kwa kesi yako kitu cha kwanza ni alteneta. Dayodi za alteneta ndizo zinazopigwa vibaya zaidi nyaya zikigeuzwa. Alteneta yenye dayodi mbovu inaweza kuendelea kuchaji kidogo, lakini inamwaga umeme mchafu wa AC (mkondo geu) kwenye mfumo wote. Gari likishawaka, pima betrini: volti ziwe kati ya 13.2 na 14.8. Kisha geuza mita kwenye AC, pima palepale. Ukiona zaidi ya nusu volti, zima gari, peleka alteneta kwa fundi kabla ya safari yoyote.

Kitu cha pili ni vifaa ambavyo boksi linaviendesha. Nozeli za injini zako, zikipimwa zikiwa zimepoa, ziwe na takriban omu 13.4 hadi 14.2. Vavu ya oili ya VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa vavu za injini kufunguka) iwe karibu omu 6.9 hadi 7.9. Usomaji unaokaribia sifuri maana yake kifaa kimegusana ndani, na transista inayokiendesha itaungua mara ya kwanza unapokiamuru. Koili za plagi haziwezi kuhukumiwa kwa mita namna hiyo kwa sababu zina elektroniki zake ndani, hizo jaribu kwa kubadilishana na nzima. Wenye Mitsubishi za miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili wanajua vizuri ninachosema: kimota cha sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) kwenye throto kikigusanisha kinaunguza boksi, mwenye gari ananunua la pili, nalo linaungua, na mtumba unalaumiwa bure.

Maboksi ya miaka ya tisini yana ugonjwa wake mwingine, kapasita kuvuja maji yanayokula njia za shaba kwenye bodi, na la mtumba la umri uleule linaweza kuwa linavuja pia. IST yako si ya kundi hilo. Maji ya mvua ndiyo ya kuogopa, kwa sababu boksi lako liko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, na mfereji wa maji chini ya kioo cha mbele ukiziba majani, au bomba la maji ya kiyoyozi likiziba, maji yanashuka upande huohuo. Fundi akifungua, mwambie aguse zulia chini ya droo na kunusa.

Nije kwenye namba, maana hapo ndipo boksi la pili linapokusubiri. Boksi la injini la Toyota lina kibandiko chenye namba inayoanza na 89661. Tarakimu hizo tano zinasema tu kwamba hii ni kompyuta ya injini. Mbili zinazofuata ni familia ya gari, na kwa kina Vitz, Platz na IST za wakati wako utakuta 52. Tatu za mwisho, ambazo huweza kuchanganyika na herufi, ndizo zinazobeba habari yote unayoihitaji: injini ni 2NZ ya sisi 1300 au 1NZ ya 1500, gia ni manyo au otomatiki, gari linavuta magurudumu mawili au manne, lina imobilaiza au halina, ni toleo la kabla au la baada ya kiwanda kubadilisha kitu. Kwenye IST yako boksi hilo hilo ndilo linaloamuru gia otomatiki zibadilike. Ukifunga la gari la gia manyo injini inaweza kuwaka na kutulia, ukashangilia, kisha gari likagoma kubadilisha gia barabarani.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni hapana, usichukue hilo linalotofautiana tarakimu mbili za mwisho, labda muuzaji akubali kwa maandishi kulirudisha. Usipotoshwe na soketi kuingia. Usipotoshwe pia na muuzaji anayekwambia "ni la IST hilo hilo." Na boksi la Yaris iliyotoka Uarabuni, hata kama injini inaitwa jina moja, limepangwa kwa sensa na nyaya zisizofanana na za gari la soko la Japani.

Kabla ya kuchukua lolote, lishike mkononi. Skrubu zake zisiwe na makovu, kibandiko kisiwe kimebandikwa upya, pini zote zisimame wima bila unga wa kijani au mweupe, na ukilinusa lisinuke kuungua. Napenda boksi ambalo bado lina vipande vya nyaya vilivyokatwa vikining'inia kwenye soketi zake, kwa sababu hilo limetoka kwenye gari lililochinjwa kwa ajili ya spea, na mara nyingi muuzaji bado anao ufunguo wake na kile kiboksi cha imobilaiza mahali fulani ghalani. Dai seti nzima, na risiti ya EFD yenye namba ya boksi imeandikwa. Maboksi yanaibwa kwenye magari yaliyoegeshwa, yanazunguka na kuuzwa mitaani, na risiti ndiyo itakayokutetea siku mwenyewe akitokea. Ni yaleyale Gerezani, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala.

Kufunga kwenyewe hakuna mengi. Toa waya wa hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kushika chochote, kwa sababu unafanya kazi jirani na begi la hewa la abiria nalo linabaki na umeme kwa muda. Shusha droo, fungua vishikio vya soketi kwa kubonyeza, usivute nyaya. Pini za boksi usiziguse kwa vidole. Ukisharudisha betri, weka swichi ON na usubiri taa ya cheki injini kabla ya starta. Soma mashine: joto la maji lionekane sawa na joto la siku hiyo, throto isome vizuri ukikanyaga. Vikikubali, washa. Sailensa inaweza kuyumba kwa muda, kwani boksi linajifunza upya injini yako na linaacha tabia za ile ya gari lilikotoka. Kilomita kwenye dashibodi hazibadiliki, zimehifadhiwa kwingine.

Kuhusu ushauri wa kununua jipya, sikubaliani na fundi, ingawa namwelewa. Boksi jipya halikuepushi na chochote nilichokieleza hapo juu. Litaungua vilevile kama alteneta ni mbovu, litakataa vilevile kama namba si yake, na kama gari lina imobilaiza nalo lazima lisajiliwe na funguo. Utakuwa umelipa mara kadhaa zaidi kwa gari lenye zaidi ya miaka ishirini. Atakayekuambia anaweza kuifuta imobilaiza kwenye boksi kabisa, anasema kweli, inafanyika. Ila gari lenye ulinzi uliofutwa linawashwa na ufunguo wowote uliochongwa mtaani, kwa hiyo ifanye kama njia ya mwisho, na ufunge kikata umeme cha siri.

Wenye magari mengine wanaosoma jibu hili wasichukue njia ya matundu 4 na 13 kwenda nayo popote. Nissan zenye ulinzi wa NATS zinahitaji mashine na namba ya siri inayopatikana kutokana na namba ya boksi la bodi, kompyuta ya pili inayosimamia mambo kama taa na milango. Honda zinahitaji mashine yake ya kusajili. Volkswagen za miaka ya 2000 zinadai namba ya siri ya boksi, na Mercedes na BMW ni kazi ya mtu aliyebobea kwenye hizo hizo, kwa sababu boksi la mtumba limefungwa kwa swichi na funguo za gari lilikotoka mpaka lisafishwe.

Wewe anza na kava la usukani. Ukishaiona pete, au ukishaona haipo, chukua boksi la zamani na la mtumba, yaweke pamoja mezani, usome tarakimu tatu za mwisho za kila moja. Kama zinafanana na gari lina pete, tumia njia ya matundu 4 na 13 ikiwa lina kiboksi cha pekee, au kama halina tafuta fundi wa elektroniki wa kuhamisha kumbukumbu, hutahitaji kununua kitu kingine. Kama hazifanani, nenda nayo yote mawili Gerezani na umwonyeshe muuzaji namba unayoitaka. Alteneta ipimwe siku hiyo hiyo gari litakapotulia, kabla hujarudi barabarani.